Viguzo vya Bwana Mlingoti

Mwezi uliopita mlinifanyia karamu ya kuniaga na mkanipa saa ya ukutani ambayo imesimama tangu siku ile ile. Mkuu wa garaji alisoma hotuba, akataja vyeo vyangu vyote, viwili kati ya hivyo si vyangu. Sitamsahihisha. Kilichonikera kilisemwa na fundi mmoja wenu huku akijimiminia bia: kwamba mimi nimemaliza miaka yangu yote bila kufanya hata kazi moja ya kishabani. Mlicheka wote. Najua maana mnayolipa neno hilo. Kazi ya kishabani ni kazi ya kulipua, kazi ya mtu asiyepima, fundi wa kubahatisha. Mnalitumia kila siku, hata kwa balbu iliyofungwa vibaya. Hakuna hata mmoja wenu aliyemwona Shabani. Mimi nilimwona, nilikula naye, na najua jina lake lilichafukaje. Nataka lisafishwe kabla sijafa, na kwa kuwa sina hakika nitakufa lini, naandika sasa.

Nimeuanza ukurasa huu mara nne. Mara ya kwanza nilianza na kuzaliwa kwangu, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote. Nivumilieni. Hata zamani nilikuwa mtu wa kufikiri mpaka chakula kinapoa.

Niliingia garajini katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, nikitoka moja kwa moja shule ya ufundi ya mapadri. Garaji ilikuwa pale pale ilipo sasa, karibu na stesheni, ila paa lilikuwa zima. Nilivaa soksi ndefu mpaka magotini. Diplome yangu niliitia ndani ya kipande cha mwanzi ili isilowe, nikaibeba kwapani kama mtu abebaye bunduki. Njiani nilijiuliza nimsalimu nani kwanza, mzungu au fundi mkuu, na kama nikimkuta fundi mkuu kwanza, je, nimsalimu kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Nilipofika nilikuwa bado sijaamua, kwa hiyo sikumsalimu mtu.

Mzungu wa garaji tulimwita Kaa Pembeni, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoyajua vizuri kuliko yote katika Kiswahili. Aliisoma diplome, akaridhika mno, akaniambia niko katika majaribio ya miezi mitatu. Nikifaulu nitapata barua ya kuthibitishwa, nisipofaulu nitarudi kwa mapadri nikapande kabichi. Kisha akanipeleka kwa Shabani.

Shabani alikuwa mtu wa hapa hapa Kindu, wa familia za Waungwana, mwenye kofia iliyofumwa ambayo haikupata hata tone la mafuta ya gari. Hakujua kusoma herufi zetu. Ufundi aliupata kwenye meli za mtoni, akiwa mchochezi wa moto, halafu msaidizi, halafu mtu ambaye meli haiondoki bila yeye. Kila chombo chake kilikuwa na uzi, na uzi ule aliufunga kwenye kifundo cha mkono alipokuwa akifanya kazi, desturi ya melini, maana kle, yaani spana, ikianguka mtoni haipigi mbizi kurudi. Garajini hapakuwa na maji, lakini uzi ulibaki. Sisi wenye shule tuliuona ni ushamba. Kle zetu zilipotea kila wiki. Zake zilikuwa zile zile kwa miaka kumi na tisa.

Aliniangalia soksi, akaangalia mwanzi.

“Ndani iko nini, muziki?”

“Ni diplome, baba.”

“Aa. Basi itundike pale juu, panya wasiisome.”

Wiki nzima niliosha bolti kwa petroli. Nilijua ni dharau. Baadaye niligundua kwamba kwa kuziosha nilijifunza kila bolti ya kila gari kwa kidole, lakini sikumwambia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuandika barua nyumbani ya kulalamika.

Sasa nieleze jambo ambalo ninyi hamlioni tena. Pikipiki zilitengenezwa juu ya mataruma mawili ya reli yaliyolazwa sakafuni, yakiacha mfereji katikati. Gurudumu la mbele liliingia mle kama jino katika ufizi. Pikipiki ilisimama imara, ungeweza kuipiga nyundo isitikisike. Ubaya wake ni mmoja: usukani haugeuki. Chochote unachofunga, unakifunga pikipiki ikiwa inaangalia mbele. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao, waliyoiita kuvusha. Kazi ikiisha, fundi aliyeifanya anapanda mwenyewe mpaka mtoni, anateremka ule mteremko, anakata kona kali kushoto kuzifuata mbao za kupandia pantoni, anaingia pantonini, anavuka Lualaba, anapanda ng'ambo, anarudi. Kona ile ilikuwa mbaya kiasi kwamba chombo kilichoishinda kingeweza kufika popote. Fundi asiyevusha hajamaliza kazi, hata kama pikipiki inang'aa.

Ila kulikuwa na pikipiki zilizosamehewa. Kaa Pembeni alikataza kuvusha pikipiki za wazungu. Alitoa sababu ya petroli, lakini ya kweli tuliijua: mtu mweusi asionekane barabarani amekaa juu ya kiti cha mzungu. Kwa hiyo baiskeli yenye mota ya karani ilijaribiwa, pikipiki ya muuguzi wa chanjo ilijaribiwa, na za mabwana wenyewe zilitoka bila kujaribiwa, kwa heshima. Sijapata kuona heshima iliyomgharimu mtu mifupa kama ile.

Mwezi wa tatu wa majaribio yangu akaja ajenti wa teritwari, mtawala wa wilaya, tuliyemwita Bwana Mlingoti. Alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera uliokuwa mbele ya ofisi yake, na mwembamba vile vile, na kama mlingoti hakuwa na kazi nyingine inayoonekana zaidi ya kusimama. Pikipiki yake ilikuwa ya Kibelgiji, nzito, ya usukani wa chini. Alilalamika kwamba magoti yanagonga usukani na mgongo unapinda. Hilo lilikuwa kweli. Lakini halikuwa lote. Alikuwa na gazeti lenye picha ya mtu aliyeendesha kwa kusimama juu ya vikanyagio, kifua mbele, usukani juu kama pembe za ng'ombe. Ajenti alikuwa anakwenda sehemu za Pangi na Kama kuhesabu watu, na watu wale wangepangwa kandokando ya barabara kumngoja. Alitaka wamwone akiwa amesimama. Hakusema hivyo. Aliweka kidole juu ya picha na kusema, “Hivi.”

Kaa Pembeni akamwambia kwamba safari hii kazi haitafanywa kwa kubahatisha. Ana kijana mwenye diplome. Akaniambia mbele ya wote kwamba barua yangu itatoka au haitatoka kwa kazi hii. Shabani alikuwa amesimama palepale. Yeye ndiye aliyepaswa kupewa kazi ile, na yeye, kama mkubwa wa timu, ndiye ambaye dole gumba lake lingepigwa kwenye karatasi ya kazi, hata kama mkono ni wa mwingine. Utaratibu ulikuwa huo: aliyesoma afanye, asiyesoma ajibu.

Nilishika ile kazi kama mtu anavyoshika yai la mamba. Usukani uliondolewa juu ya makucha yake mawili. Chini yake nikatia viguzo, vipande viwili vya chuma vya urefu wa vidole sita, nilivyovikereza kutoka chuma cha ekseli ya behewa. Kabla ya kukata nilipiga hesabu kurasa tatu kujua kama vitamudu uzito wa ajenti. Vingemudu uzito wa ofisi yake. Sikuridhika, nikapiga tena. Niliota vinakatika. Nilibadilisha bolti mara tatu, nikatia na nati ya pili juu ya nati ya kwanza, kisha nikahofia kwamba nati mbili zitaonyesha kwamba sina imani na moja.

Shabani aliniacha siku nzima. Jioni alikuja akachuchumaa.

“Uko unapima nini tena, mutoto?”

“Nguvu ya chuma.”

“Chuma njo chuma. Mimi naangalia nyaya. Ukimuinua muntu mikono, mishipa yake nayo inavutika.”

Nilimwambia, kwa sauti ambayo leo ningeipiga kofi, kwamba nimekwisha kupima kwa uzi nyaya za breki, za klachi na za mafuta, na zote zina nafasi ya vidole viwili.

“Na akigeuka?”

Nikarudi kukaza nati. Hapa ndipo napaswa kuandika polepole. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikumwelewa. Nilimwelewa. Nilipima usukani ukiwa umenyooka, kwa kuwa mfereji ule ulikuwa umeunyoosha, na mara tu aliposema neno lile nilijua nilichokosa kupima. Niliweza kuitoa pikipiki kwenye mfereji, kuisukuma uani na kugeuza usukani kwa mikono yangu, bila petroli, bila kupanda, bila kuvunja amri ya mtu. Hesabu za kurasa tatu zilichukua asubuhi nzima. Jambo hili lingechukua muda wa kupiga chafya mara mbili. Sikulifanya. Nilijua nitakachokiona. Nikikiona, itabidi nitengeneze nyaya mpya ndefu, na kuunga ncha za nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa hakuna aliyejua ila Shabani. Ningemwomba, angenisaidia, na Kaa Pembeni angeona kwamba diplome imemwomba msaada yule wa dole gumba. Mtu mwenye wasiwasi husemwa kwamba anaogopa kila kitu. Si kweli. Mimi niliogopa kuaibika tu. Ajenti angeweza kuvunjika vyovyote.

Asubuhi Bwana Mlingoti alifika amevaa viatu vipya. Shabani alimwambia Kaa Pembeni kwa adabu kwamba pikipiki haijavushwa, na kwamba kama mzungu hapendi ivushwe, basi igeuzwe usukani tu hapo uani, wote waone. Kaa Pembeni alimjibu kwa yale maneno yake mawili. Kisha akamshika mkono, akakibonyeza kidole chake kwenye wino na kwenye karatasi. Nilitazama. Karatasi haikuwa na jina langu mahali popote, na nakiri kwamba nililiona hilo mapema sana.

Tulitumwa sisi wawili kubeba sanduku la ajenti mpaka mtoni. Yeye alitutangulia akiwa amesimama juu ya vikanyagio, kama kwenye picha, na barabara ya stesheni ikiwa imenyooka kila kitu kilikwenda vizuri. Nilianza hata kujipongeza. Shabani alibeba upande wake wa sanduku.

Kwenye pantoni palikuwa na akina mama wenye vikapu vya mihogo, mapipa ya mafuta ya mawese, na mnyororo mmoja mbele kuzuia vitu visitumbukie. Ajenti aliteremka mteremko, akafika kwenye kona, akageuza usukani kushoto. Waya wa mafuta ukavutika wenyewe. Mota ikanguruma bila yeye kuugusa mkono wa mafuta. Mtu mwenye akili angenyoosha usukani. Yeye alizidi kugeuza ili asitoke kwenye mbao, na kadiri alivyogeuza ndivyo mota ilivyozidi kulia. Alizipita mbao kwa namna ambayo sijaiona tena maishani, akapita katikati ya mapipa, akina mama wakajitupa huku na huku, na pikipiki ikafika kwenye mnyororo. Ajenti alibaki juu ya mnyororo, amekunjika kama shuka lililoanikwa. Pikipiki ilitangulia ndani ya Lualaba. Helmeti yake nyeupe ilielea ikiteremka taratibu kuelekea kaskazini, na hakuna aliyethubutu kuifuata.

Kumcheka mzungu kulikuwa kosa lenye adhabu yake, kwa hiyo watu mia walisimama wakiuma midomo. Ni mmoja tu wa wasukumaji wa pantoni aliyesema, kwa upole mkubwa, kama anayetoa taarifa:

“Bwana ametangulia. Sisi tutamukuta.”

Akina mama wakajifunika khanga usoni. Ajenti alikuwa amevunjika kifundo cha mkono na meno mawili ya mbele, na kama si ule mnyororo angekuwa wa mamba.

Mchana huo huo tulipangwa uani. Kaa Pembeni alishika karatasi ya kazi. Aliuliza nani alifunga usukani. Wote tulijua, naye alijua kuliko wote, maana ndiye aliyenipa. Lakini kusema kwamba ni mimi kulikuwa kusema kwamba ni yeye, na karatasi ilikuwa imekwisha kujibu. Shabani alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliye mbele yako kwenye foleni, ukingoja zamu yake iishe.

Nilikuwa napanga sentensi. Naapa kwamba nilikuwa napanga. Nilitaka ianze na kosa langu, kisha ielezee nyaya, kisha itaje amri ya kutovusha bila kumlaumu aliyeitoa. Nilitaka iwe ya Kifaransa. Nilikuwa nimefika kwenye nyaya Shabani aliposema:

“Kazi ya timu njo kazi yangu, Bwana. Lakini pikipiki hii haikuvushwa. Nilisema asubuhi.”

Kaa Pembeni alisikia nusu ya kwanza. Shabani alifukuzwa kabla jua halijatua na akalala gerezani siku saba kwa uzembe. Ripoti ilisema kwamba fundi asiyesoma alifunga usukani kwa kubahatisha. Iliandikwa kwa mashine, nakala nne, kwa Kifaransa kizuri sana. Wasomi wa ofisi waliisoma wakacheka, wakalitoa neno lile, kazi ya kishabani, likashuka mpaka kwa waosha magari, na sasa liko vinywani mwenu.

Alipotoka nilikwenda kwake, mtaa wa Waungwana, saa za alasiri. Mkewe, Mama Zaina, alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kiti, akaniuliza habari za watu wa nyumbani kwetu mmoja mmoja, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutukanwa. Shabani alikuwa akinawa miguu kwa ajili ya sala. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nilianza kueleza nilichodhani kuhusu nyaya.

“Sikuuliza ulidhani nini,” alisema. “Ulijua?”

“Nilidhani labda…”

“Mutoto. Ulijua?”

“Nilijua, baba.”

“Basi.” Akaendelea na mguu wa pili. “Sasa usije kuniambia mimi. Mimi nilikuwa nikijua. Enda umwambie ule asiyejua.”

Kesho yake nilimwendea Kaa Pembeni ofisini, maana yeye hakujua kwamba nilijua. Nilisema yote, safari hii bila mpangilio na kwa Kiswahili, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kunoa penseli. Kisha akasema kwamba ripoti imekwisha kwenda, kwamba imetiwa sahihi na watu wanne, na kwamba hakuna mtu duniani anayeomba ripoti irudi. Akaniuliza kama nataka na mimi kwenda gerezani, kwa kuwa nafasi ipo. Nilifikiri. Ndiyo, hata hapo nilifikiri. Nikasema hapana.

Shabani hakurudi garajini. Alivuka, akafungua banda lake ng'ambo, akatengeneza baiskeli na mashine za kusaga mpaka mikono ilipokataa. Wachimba dhahabu wa Kama na wachuuzi wa Kampene walimjua, na walipokuwa na chombo kilichowashinda wengine walimpelekea yeye. Ng'ambo hakuna anayesema kazi ya kishabani kwa maana yenu. Kulisema kule ni kumsifu fundi. Neno lenu lilivuka mto mara moja tu, kwa kinywa cha karani mmoja aliyehamishwa, akaulizwa ana maana gani, naye hakulirudia tena.

Miaka iliyofuata mnaijua, mingine mmeishi nami. Wabelgiji waliondoka, mataruma ya reli yakaibwa, nikawa mkubwa wa timu, nikawa hiki na kile. Kila pikipiki iliyotoka mkononi mwangu niliivusha. Mlinisifu kwa hilo kwenye hotuba, mkaliita nidhamu. Ilikuwa aibu tu, iliyokuja baada ya mtu mwingine kufungwa, na haimrudishii Shabani hata siku moja kati ya zile saba. Kwa hiyo nawaomba, si kwa heshima yangu: mtakapoona fundi hakupima kitu alichojua kinapaswa kupimwa, mtumie jina langu. Linatamkika vizuri. Nimelijaribu peke yangu chumbani.

Ile barua ya kuthibitishwa ilitoka siku mbili baada ya mimi kuingia ofisini kwa Kaa Pembeni. Aliniletea mwenyewe uani, mbele ya timu isiyo na mkubwa wake. Ilisema kwamba nimeonyesha uangalifu. Wenzangu walikuwa wakinitazama, nami nilikuwa nimejiapia tangu asubuhi kwamba nitaikataa, nikiwa na sababu tano zilizopangwa. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikasema asante.